Muvi za Kutisha Zenye Sehemu Nyingi: Uanzie Wapi, Uruke Ipi, Uishie Wapi

Mtu akikukabidhi flashi yenye muvi 13 za Halloween na kukwambia uanze ya kwanza hadi ya mwisho, amekupoteza. Muvi hizi haziendi kama safari ya Kisumu kwenda Nakuru, kwamba ukishapita Ahero utakuta Awasi, kisha Kericho, kisha Mau Summit. Zinafanana zaidi na stendi: magari matatu yameandikwa Kisumu ubavuni, moja linaelekea Busia, jingine Kakamega, la tatu Bondo. Ukipanda bila kuuliza, utafika katikati ya safari ukishangaa kwa nini mwanamke uliyeambiwa amekufa na kuacha binti sasa yuko hai, ana mtoto wa kiume, na binti hatajwi kabisa.

Soma mwaka kabla ya jina

Kuna muvi tatu zinazoitwa Halloween bila nambari yoyote: ya 1978 ya John Carpenter, ya 2007 ya Rob Zombie, na ya 2018 ya David Gordon Green. Scream ni ya 1996, na Scream nyingine ni ya 2022, ambayo kwa hesabu ni ya tano. The Final Destination ya 2009 ni ya nne. Kilichoongezwa ni neno dogo la mwanzo tu. Child's Play ya 2019 imechukua jina na mwanasesere, lakini hadithi haiungani na ile iliyoanza 1988. Hata sauti ya mwanasesere huyo, Chucky, si ya Brad Dourif wa zamani, ni ya Mark Hamill.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadilisha majina ya faili. Tanguliza mwaka: "1978 Halloween", "1981 Halloween II", na kadhalika. Kwa tamthilia za runinga andika vipindi kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03, kwa sababu runinga nyingi hupanga faili kwa kuangalia tarakimu ya kwanza, na usiposahihisha, kipindi cha 10 kitakaa mbele ya kipindi cha 2. Wengi wameuona mwisho wa msimu kabla ya mwanzo wake kwa kosa hili dogo.

Chagua tawi, usipande mti mzima

Tubaki na Halloween, maana ndiyo iliyokatwa na kuchipuka upya mara nyingi, na ukiielewa hii nyingine zote ni rahisi.

Tawi la kwanza: 1978, 1981, 1988, 1989, 1995. Hapa Michael Myers, muuaji wa muvi hizi, ni kaka yake Laurie, msichana anayemwinda, Laurie anatajwa kuwa amefariki, na mambo yanaishia kwenye kundi la watu wa kafara. Tawi la pili: 1978, 1981, kisha ruka hadi Halloween H20 ya 1998 na ile ya 2002. Hili linafuta sehemu ya nne, ya tano na ya sita. Tawi la tatu: 1978, 2018, 2021, 2022. Hili linafuta kila kitu isipokuwa ya kwanza, hata ule udugu. Tawi la nne ni la Rob Zombie, 2007 na 2009, limesimama peke yake. Halafu kuna Halloween III ya 1982, ambayo Michael hamo kabisa, ila anapita kwenye skrini ya runinga ndani ya muvi. Ilichukiwa ilipotoka kwa sababu watu walikuja kumtafuta yeye. Ukiitazama kama hadithi ya vinyago vya watoto vyenye uchawi, bila kusubiri mtu wa kisu, ni nzuri kuliko tatu zilizoifuata.

Kwa usiku mmoja wa Jumamosi, tunapendekeza tawi la pili, uishie H20. Muda wake ni dakika 91, 92 na 86, jumla 269. Ongeza mapumziko mawili ya robo saa, anza saa tatu usiku, utamaliza saa nane. Ile ya 2002 iache. Wenye mapenzi ya picha mpya wachukue 1978 na 2018 tu. Mbili zilizofuata zina mandhari mazuri ya damu, lakini ya 2022 inampa nafasi kubwa kijana mgeni aitwaye Corey huku mtu uliyelipia kumwona akikaa kwenye mtaro wa maji taka.

Pale miendelezo inapoharibikia

Katika ile ya 1978 Michael hana sababu. Anasimama nyuma ya ua, unamwona, unageuka, hayupo. Miaka mitatu baadaye wakampa sababu, kwamba anamfuata dada yake, na tangu hapo kila sehemu ikalazimika kueleza zaidi.

Mtu wa Nyanza au Magharibi hahitaji kufundishwa ubaya wa hilo. Mkimbiaji wa usiku, yule Wajaluo humwita jajuok, anatisha kwa sababu anasikika tu: changarawe juu ya mabati, kitu kikisuguliwa mlangoni, hatua zikikimbia nyuma ya nyumba kisha kimya. Siku utakayoambiwa ni fulani wa boma la pili, na kwamba alirithi kwa nyanyake, hofu inageuka umbea. Unaanza kumwonea huruma, au unamcheka.

Basi ukitaka kupima mwendelezo kabla ya kuupa usiku mzima, tazama saa. Ikifika dakika ya 40 na tayari kuna padri, daktari au mtunza maktaba anayefungua kitabu cha kale kueleza jini lilizaliwa wapi na linataka nini, kuna hatari. Hiyo peke yake haitoshi kuutupa. Jiulize swali la pili: je, muvi imebadilisha sheria za mchezo? A Nightmare on Elm Street 3 ya 1987 ina mtawa anayesimulia asili ya Freddy, muuaji wa ndotoni, lakini wakati huo huo inawapa vijana uwezo wa kupigana ndani ya ndoto, na Wes Craven alirudi kusaidia kuiandika. Inasimama. Aliens ya 1986 haikujaribu kurudia utulivu wa Alien ya 1979; iliongeza viumbe na askari, ikawa vita. Inasimama pia. Inayoanguka ni ile inayoeleza zaidi halafu ikarudia mauaji yale yale kwa mwanga mkali zaidi.

Idadi ya maiti si kipimo. Wala kinyago: katika Friday the 13th, kile kinyago cha mpira wa magongo ambacho kila mtu anakijua kinaonekana kwa mara ya kwanza katika sehemu ya tatu, 1982.

Fuata tarehe za kutoka, isipokuwa hapa

Kuna orodha zinazopanga muvi kwa mwaka wa hadithi. Ya familia ya The Conjuring huenda hivi: The Nun (1952), Annabelle: Creation (1955), The Nun II (1956), Annabelle (1967), The Conjuring (1971), Annabelle Comes Home (1972), The Conjuring 2 (1977), The Devil Made Me Do It (1981), Last Rites (1986). Ni sahihi, na ni njia mbaya kwa mgeni.

Sababu iko kwenye tukio moja la The Conjuring 2. Lorraine, mama anayepambana na mapepo, yuko chumbani, mchoro wa mtawa umetundikwa. Kivuli kinatembea ukutani polepole, kinafika nyuma ya mchoro, kinasimama. Kisha vidole vinatokeza pembeni na kuushika mchoro kwa pande zote mbili. Tukio lote limejengwa juu ya kutojua: je, ni picha au ni mtu? Aliyeanza na The Nun ameshamwona Valak, lile pepo lenye sura ya mtawa, uso kwa uso, amezoea mavazi na meno yake, na kile kivuli kitampita kama mgeni aliyekwisha kutambulishwa. Tazama hivi: The Conjuring ya 2013, The Conjuring 2 ya 2016, kisha Annabelle: Creation ya 2017. Ile Annabelle ya 2014 ruka, mwisho wa Creation utakuunganisha nayo vya kutosha. Ukibaki na hamu, endelea na zilizobaki kwa tarehe zilivyotoka.

Saw nayo ina mtego wake. Saw X ya 2023 inatokea kati ya ya kwanza na ya pili, na kuna wanaoiweka hapo. Usifanye hivyo. Kwanza, mwigizaji wake mkuu Tobin Bell amezeeka kwa karibu miaka 20, na ukirudi kwenye ya pili amekuwa kijana tena. Pili, na hili ndilo kubwa, itakufichulia mapema siri inayofunguliwa mwishoni mwa ya pili. Tatu, ina tukio katikati ya majina ya mwisho ambalo halina maana kwa asiyeona angalau ya nne. Na ukifika ya tatu na ya nne, zitazame siku mbili mfululizo, maana matukio yake yanakwenda sambamba na ukikaa mwezi utakuwa umesahau nani alikuwa chumba kipi.

Final Destination 5 ya 2011 isiguswe kabla ya ya kwanza ya 2000. Basi. Ukieleza kwa nini umeiharibu.

Kwa Insidious, sehemu ya tatu na ya nne zinarudi nyuma kabla ya ya kwanza, lakini tarehe za kutoka zinafaa: 2010, 2013, 2015, 2018, 2023. Na kwa Ringu ya Japani, jihadhari na Rasen: zilitoka siku moja mwaka 1998, Rasen ikiwa ndiyo mwendelezo, watu wakaikataa, na 1999 ikatengenezwa Ringu 2 inayoipuuza. Chukua Ringu, kisha Ringu 2.

Isipokuwa ya kweli ni A Quiet Place: Day One ya 2024, yenye Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa Kisumu. Inaeleza siku viumbe walipoingia New York, na kiungo chake na mbili zilizotangulia ni mhusika mmoja wa Djimon Hounsou kutoka sehemu ya pili. Ukianza nayo hupotezi kitu, na hata viumbe wenyewe hawaelezwi: wanatua, wanasikia, wanaua. Ndiyo maana inafanya kazi kuliko ndugu zake wengi waliorudi nyuma kueleza chanzo.

Tamthilia za runinga zilizochipuka kutoka kwa muvi

Kabla ya kuanza tamthilia, jua ni ya aina gani, kwa sababu kila aina ina sharti lake.

Kuna zinazoendeleza. Chucky, 2021 hadi 2024, misimu 3 ya vipindi 8 kila mmoja, inaendelea moja kwa moja kutoka Cult of Chucky ya 2017, na Don Mancini aliyemwanzisha mwanasesere huyo ndiye aliyeiongoza. Kama huna muda wa muvi saba zote, tazama ya 1988, Bride of Chucky ya 1998, Curse ya 2013 na Cult. Hizo nne zinatosha kumjua karibu kila anayerudi, isipokuwa Kyle wa Child's Play 2 ya 1990, na Glen na Glenda wa msimu wa pili. Kwa ajili ya hao wawili wa mwisho ongeza Seed ya 2004. Ash vs Evil Dead, 2015 hadi 2018, ina vipindi 30 vya karibu nusu saa, na huo ufupi ndio ulioiokoa: kicheko na damu havivumilii saa nzima.

Kuna zinazotangulia. Bates Motel, 2013 hadi 2017, vipindi 50, inaeleza Norman na mama yake kabla ya Psycho ya 1960, lakini imehamishiwa enzi za simu za mkononi. Usiisome kama historia. Msimu wa tano unafika kwenye tukio lile la bafu na kuligeuza, na mgeuko huo una ladha kwa aliyeona ya Hitchcock tu. It: Welcome to Derry ya 2025 iko 1962. Muvi ya 2017 iko 1989, na ya 2019 iko miaka 27 baadaye. Kiumbe huamka kila miaka 27, kwa hiyo hesabu inaingia yenyewe. Tazama muvi kwanza. Alien: Earth ya 2025 iko miaka miwili kabla ya safari ya Nostromo, chombo cha anga cha Alien ya kwanza; hiyo ya 1979 inatosha kuielewa.

Na kuna za jina tu. Friday the 13th ya runinga, 1987 hadi 1990, haina Jason, muuaji wa muvi hizo, hata kipindi kimoja. Ni duka la vitu vya kale vilivyolaaniwa. Si mbaya, ila anayemsubiri mwenye panga atasubiri mpaka kuku waote meno.

The Exorcist ya 2016 inajifanya ya jina tu, kisha katikati ya msimu wa kwanza kuna siri inafumbuka ambayo haitamgusa mtu ambaye hajaona ya 1973. Tazama ya 1973, ruka ya 1977, na ukitaka nyingine chukua The Exorcist III ya 1990 kwa ajili ya lile tukio la korido ya hospitali, ambapo kamera imesimama mbali, haisogei, na wewe mwenyewe ndiye unayeanza kusogea kitini.

Wape watengenezaji vipindi vitatu. Muvi ya dakika 90 inaweza kumficha kiumbe wake saa nzima; tamthilia ya saa 8 haiwezi, hivyo hujaza nafasi kwa ndoa, madeni na shule. Kufikia kipindi cha tatu, kama hayo ya nyumbani hayakushiki hata bila jini, achana nayo. Hofu peke yake haitakubeba hadi cha nane.

The Walking Dead haikutoka kwenye muvi, lakini nayo ina matawi yake, na ina vipindi 177, karibu saa 130. Anayetaka tu mwendelezo wake, The Ones Who Live ya 2024, vipindi 6, anahitaji kumfuata mhusika Rick hadi kipindi cha 5 cha msimu wa 9, na Michonne hadi kipindi cha 13 cha msimu wa 10. Msimu wa 7 na wa 8 unaweza kusoma muhtasari.

Kuandaa chumba

Kwanza mabati. Nyumba isiyo na dari, mvua ikishuka, hutasikia mnong'ono wowote, na A Quiet Place ni minong'ono na ukimya mtupu. Msimu wa Machi hadi Mei, Kisumu na Kakamega, muvi za kimya ziwekee saa za usiku mvua ikishapita, au tumia spika za masikioni. Siku ya mvua weka Saw au Final Destination, hizo zina kelele zake. Katika A Quiet Place hakikisha pia nakala yako ina maandishi ya lugha ya ishara. Familia ile inaongea kwa mikono, na nakala isiyo na maandishi hayo ni kama redio isiyo na betri.

Nakala iliyotiwa maelezo ya DJ kwa Kiswahili ni tamu kwa muvi za ngumi. Kwa muvi ya kutisha inaua kila kitu, kwa kuwa anajaza pale pale mwongozaji alipoacha kimya.

Woofa ipunguze besi hadi karibu robo. Besi nyingi humeza mazungumzo, nawe unaongeza sauti, kisha mlango unagongwa kwenye muvi na ploti nzima inaamka. Kama maneno hayasikiki lakini muziki unavuma, faili ina sauti ya spika sita na runinga yako inatoa mbili; ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stirio au PCM. Picha ikionekana bila sauti kabisa, mara nyingi ni sauti ya DTS ambayo runinga haiwezi kuisoma. Cheza kwenye laptopu na uunganishe kwa waya wa HDMI.

Zima hali ya kuokoa umeme kwenye runinga. Hupunguza mwanga wa skrini, na muvi hizi ni giza tupu. Zima pia ulainishaji wa mwendo, unaofanya sinema ionekane kama taarifa ya habari. Taa ndogo nyuma ya runinga ni bora kuliko giza totoro, macho hayachoki upesi.

Manukuu yakichelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, kwenye VLC bonyeza G au H. Kila mbonyezo husogeza sekunde 0.05. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, tatizo ni kasi: muvi ni ya picha 23.976 kwa sekunde na manukuu ni ya 25, au kinyume chake. Kufikia dakika ya 90 tofauti ni karibu dakika 4, na kusogeza hakutasaidia. Tafuta manukuu mengine. Katika muvi za mapenzi unaweza kuvumilia, hapa "Yuko nyuma yako!" ikitangulia sekunde mbili, mshtuko umekufa.

Flashi ikikataa faili inayozidi GB 4 wakati nafasi ipo, imepangwa kwa FAT32. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, ukiangalia kwanza runinga yako inasoma ipi, na ukihamisha vilivyomo kabla, kwani kuipanga hufuta vyote. Kwa wanaotazama moja kwa moja, hesabu karibu GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa picha kali. Lile tawi la Halloween la dakika 269 litakula kati ya GB 4.5 na 13.5. Ukipakua ndani ya aplikesheni, tazama muda wa kuisha: baadhi hukupa saa 48 tangu ubonyeze kucheza.

Nyingi ya hizi zingewekewa alama ya 18 na bodi ya uainishaji wa filamu, na pazia la sebuleni halizuii sauti. Watoto wakilala chumba hicho hicho, spika za masikioni si hiari.

Mwisho, stima. Ikipotea katikati, runinga inayosoma flashi mara nyingi haikumbuki ulipofika, na kutafuta tukio kwa rimoti kutakuonyesha mauaji ambayo hujayafikia. Weka karatasi karibu, na kila mapumziko andika jina la muvi na dakika.